Karafuu ina kipimo, mwarobaini je?

Muuza dawa za miti atakwambia hazina madhara kwa kuwa ni za asili. Kijana aliyetoka chuoni atakwambia ni ushamba mtupu. Karafuu ya Pemba inawaumbua wote wawili.

Jino likikuamsha usiku, Wete au Chake, unatia karafuu kwenye tundu na kuing'ata taratibu. Baada ya muda ufizi unakufa ganzi. Hiyo ni kazi ya kemikali iitwayo eujenoli iliyomo kwenye mafuta yake, na daktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Bibi hakukosea. Lakini mafuta ya karafuu, mtoto mdogo akiyanywa vijiko viwili tu vya chai, yanaweza kuliharibu ini lake. Mti ni ule ule, kilichobadilika ni kiasi.

Kwenye mwarobaini mambo ni magumu zaidi. Mtu ana homa, anakunywa bilauri asubuhi na jioni, siku ya tatu anainuka, sifa zote zinakwenda kwa mti. Ila malaria Zanzibar imeshuka mno tangu dawa mseto ilipoanza kutolewa 2003, pamoja na vyandarua na upuliziaji wa majumbani. Homa nyingi za sasa si malaria, na nyingi huondoka zenyewe, umekunywa hukunywa. Na ikiwa ni malaria kweli, siku tatu za kusubiri ni nyingi. Mtoto anaweza kuzidiwa ndani ya siku moja.

Watetezi wana hoja nzito hapa: kiungo kikuu cha dawa mseto yenyewe kimetokana na mmea, jamii ya pakanga, uliotumika China karne nyingi. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Kweli kabisa. Ila hawasemi kwamba joto lilikuwa likiiharibu dawa, mpaka alipoitoa kwa kimiminiko kiitwacho etha katika joto dogo. Sisi kila jani twalitia sufuriani likatokota mpaka maji yawe meusi, halafu twasema tumefuata asili!

Sheria ya tiba asili ya 2008 imeweka utaratibu wa kusajili waganga, na ni jambo jema. Lakini usajili wa mganga haukwambii kilichomo ndani ya chupa ya maji iliyojazwa dawa na kuuzwa haina hata jina la mti.

Hospitali nazo zina lao. Mjamzito akiulizwa kama ametumia dawa ya miti, hukana, maana anajua atafokewa mbele ya wenzake. Mkunga anabaki kukisia kwa nini uchungu umekuja kwa kasi. Akiulizwa kwa upole ni jani gani, amekunywa kiasi gani na lini, atasema, na mkunga atajua la kufanya kabla mama hajapanda kitandani.