Babu yetu alisoma, muandike hivyo

Tumemzika babu kule Ukerewe na msiba ulikuwa mkubwa, watu wamevuka na kivuko toka Mwanza, wengine wamezunguka Bunda wakavukia Kisorya, kuhusu mazishi yenyewe sina la kulalamika kabisa. Ila ikafika saa ya wasifu wa marehemu. Kijana wa kamati kasimama na karatasi yake iliyochapwa vizuri, kasoma babu alizaliwa wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi, halafu akasema "marehemu hakubahatika kupata elimu, alijishughulisha na kilimo", akapita kwenda kwenye ratiba ya ugonjwa. Moyo uliniwaka. Nilitaka kunyanyuka pale pale, mama akanishika mkono.

Sasa naomba nisikilizwe hapa. Babu yangu alisoma. Hakukaa darasani akiwa mtoto, hilo kweli, alikuwa anachunga. Lakini Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Ukerewe ikawa kati ya zile wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga kabla ya zingine zote, pamoja na Mafia, Masasi, Kisarawe, Pare na Kilimanjaro, na mwisho uliowekwa ulikuwa Desemba 1971. Babu wakati huo ana mke, ana watoto, ana shamba la pamba na mihogo. Anatoka shambani jioni, ananawa, anaenda kukaa chini ya mwembe na watu wazima wenzake kufundishwa a e i o u na kijana aliyemaliza la saba, kijana ambaye baba yake alikuwa rika la babu. Wewe unayesema hakupata elimu, jaribu kuwaza mwanaume mwenye heshima zake kijijini anasimamishwa mbele ya jirani zake asome "baba analima", anakosea, na kesho yake anarudi tena. Mimi na digrii yangu sijui kama ningerudi.

Na alikuwa na sababu yake, hakwenda kwa kusukumwa tu. Alitusimulia mara nyingi. Pamba ukiipeleka kwenye mizani unaambiwa kilo ulizopata, unaweka dole gumba, unapewa hela unaondoka, na kama umepunjwa utajuaje wakati ile karatasi uliyopewa kwako ni picha tu? Wakulima wa Kanda ya Ziwa walishaigombea mizani hiyo toka enzi za mkoloni, ushirika wa pamba ulioanza miaka ya hamsini, ule wa kina Paul Bomani, ulikua kutokana na kilio hicho hicho. Babu anasema msimu wa kwanza baada ya kisomo alisimama mbele ya mizani akasoma mwenyewe, akamwambia karani soma tena. Karani akasoma tena, na kilo zikawa zingine. Kila akifika hapo kwenye hadithi alikuwa ananyamaza kidogo, anatuangalia mmoja mmoja, halafu anasema "shika kalamu". Kwetu hiyo "shika kalamu" ndiyo imekuwa salamu, ndiyo onyo, ndiyo baraka, hata harusini kwangu aliniambia hivyo hivyo.

Kuna kaunta buku zake. Zipo hadi leo kwenye sanduku la bati, nyingine panya wameshakula kingo. Humo kaandika mvua ya kwanza ilinyesha lini, nani kakopa mbegu, ng'ombe gani kazaa, na kila mjukuu aliyezaliwa, siku, saa, na nani alikuwepo. Ilipofika zoezi la vitambulisho vya taifa, familia nyingi pale kijijini wazee walikuwa wanakisia "nilizaliwa mwaka wa njaa". Kwetu tulifungua sanduku. Majirani nao wakaja, maana watoto wao baadhi kawaandika pia. Huyo ndiye hakubahatika kupata elimu?

Najua kuna watakaosema ile kampeni ilikuwa na kasoro zake. Sawa, ilikuwa nazo. Wapo waliohudhuria kwa kuogopa mjumbe, wapo waliopewa vyeti na leo hata jina lao hawaliandiki kwa sababu baada ya hapo hawakupata cha kusoma, na walimu wale wa kujitolea walipewa shilingi thelathini kwa mwezi. Hata hivyo sensa ya 1967 ilionyesha watu wazima karibu 67 kati ya 100 hawajui kusoma, na kufikia 1977 walikuwa kama 27. Kila mmoja kati ya waliotoka kwenye hesabu hiyo ni mtu aliyekaa chini ya mti kama babu. Na 1973 ile kampeni ya afya, Mtu ni Afya, ilipokuja redioni, yeye ndiye aliyekuwa anawasomea wenzake kijitabu, na choo alichochimba mwaka ule ndicho kilichofanya jirani zake nao wachimbe.

Baba yangu ni mwalimu. Shangazi mmoja ni nesi, mwingine yuko halmashauri. Watu wanasema familia yetu ina bahati ya shule kama vile shule ilituangukia toka mbinguni. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa anauza pamba na kulipa ada kabla hajanunua hata bati, mtu aliyetulazimisha tumsomee gazeti lote macho yake yalipoanza kufifia, na ukiruka mstari anakukamata kwa sababu habari haikai sawa.

Kitu kimoja kilimuuma hadi uzeeni, naye alikisema wazi mbele yetu wote. Shangazi yetu mkubwa hakupelekwa shule. Alizaliwa babu akiwa bado hajaona maana yake, akaolewa mapema. Babu aliposhajua kusoma alikwenda mwenyewe kwa mkwe wake, akakaa, akaomba binti aruhusiwe kwenda kisomo jioni. Wakakataa. Akarudi. Mara ya pili alibeba daftari na penseli kabisa, wakaruhusu. Shangazi alikuwa anakwenda na mtoto mgongoni, na mtihani wa taifa wa 1975 aliufanya. Leo ni bibi wa wajukuu wengi na ndiye katibu wa kikoba chao, na baada ya matanga ndiye aliyekaa na daftari la rambirambi akajumlisha mpaka senti ya mwisho, sisi wenye simu na kikokotoo tumekaa pembeni tunamsubiri atuambie imebaki ngapi.