Mnyoo Asiye na Kichwa

Ukisimuliwa kazi yetu utaionea wivu: kuchunguza viumbe wasio na uti wa mgongo wanaoishi mchangani bandarini. Ukiifanya, ni kuosha tope. Tunashusha chombo cha chuma chenye taya mbili, kinang'ata mita ya mraba 0.1 ya sakafu ya bahari, kisha tunachekecha mchanga kwa chekeche lenye matundu ya milimita 0.5. Siku hiyo kilipanda mara tatu kitupu, kijiwe kimekwama kati ya taya na mchanga wote umevujia njiani. Hilo niliache.

Aibu yenyewe ilinikuta maabara. Sampuli hutiwa fomalini, dawa ya kuzuia zisioze, kisha rangi ya waridi iitwayo rozi bengali, ili vijidudu vionekane kati ya chembe za mchanga. Na amri ni moja: hesabu vichwa. Minyoo hukatika ovyo wakichekechwa. Ukihesabu vipande, mmoja anakuwa ukoo mzima.

Basi nikamwona. Mwembamba, waridi iliyokolea, amejikunja kwa madaha. Nikatafuta kichwa. Ncha moja ilikuwa na manyoyamanyoya. Nikasema, naam, mdomo huo. Ncha ya pili nayo manyoyamanyoya! Nikamgeuza kwa kibano, nikafungua kitabu cha utambuzi, nikakwama swali la kwanza: ana pingili? Hana. Moyo ukaanza kunidunda. Spishi mpya! Saa 3 zikayoyoma. Nilishamchora, na jina la kisayansi nimeshamtengea, lenye jina langu ndani, ingawa kwenye fani yetu kujiita hivyo ni utovu wa haya.

Nikamwita msimamizi. Akainamia hadubini, kimya. Akautazama mkono wangu. Akarudi kwenye hadubini. Akautazama tena mkono, safari hii pale kwenye kiwiko, sweta ilipoanza kufumuka.

"Kichwa umekiona?"

"Bado, Dokta. Labda kimekatika."

Akanyofoa uzi kwenye sweta yangu, akauweka kwenye kisahani, akaudondoshea rangi. Ukageuka waridi. Ukajikunja kwa madaha.

"Huyu hapa ndugu yake," akasema. "Andika sifuri. Na kesho uvae koti la maabara."

Nikafuta. Halafu nikakumbuka kwamba hata jana nilivaa sweta hiyohiyo, na jana niliandika minyoo 11 wa aina isiyojulikana.