Fumbo la simu za barabarani na ahadi ya Cyberpunk

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa hapa Mbeya hutakosa mtu wa kukwambia kwamba kampuni kubwa zinamwaga fedha kwenye matangazo, kisha mchezaji anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ushahidi upo. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilinadiwa kwa miaka, mwigizaji wa filamu Keanu Reeves akapandishwa jukwaani mwaka 2019, na oda milioni 8 zikawekwa kabla haijatoka. Ilipotoka Desemba 10, 2020, kwenye PS4, mashine ya gemu ya Sony ya kizazi kilichopita, ilikuwa ikikwama na kujizima ovyo. Wiki moja baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni. Kwetu hilo linauma zaidi, maana vibandani bado tunategemea mashine za zamani.

Ila kilichowaumiza watu pale ni ahadi. Ubunifu wa matangazo unabebeshwa lawama isiyo yake.

Chukua kampeni ya kutangaza gemu ya Halo 2. Mwaka 2004 trela ya gemu hiyo kwenye sinema ilionyesha kwa muda mfupi anwani ya tovuti ya mfuga nyuki. Walioifungua walikuta tovuti imevurugika, na baadaye ikatoa orodha ya vipimo vya ramani na saa. Hakuna aliyewaeleza maana yake. Waligundua wenyewe kuwa kila kipimo ni mahali penye simu ya kulipia ya barabarani, wakaenda kusimama pale, na kwa saa iliyotajwa simu ikalia! Walipojibu sawasawa, vipande vya tamthilia ya sauti vilifunguliwa. Mtu mmoja asingeweza kufika kwenye simu zote, hivyo watu wasiojuana, wa miji tofauti, walilazimika kugawana kazi na kuaminiana. Kushiriki kulikuwa bure.

Halo 2 ilipotoka iliingiza Dola milioni 125 kwa saa 24 za kwanza. Jina la Halo lilichangia sana, sikatai, lakini mimi navutiwa zaidi na wale waliosimama kwenye simu. Kampeni ya aina hiyo ikifanyika leo, kijana wa Tukuyu asiye na mashine wala Dola 70 za gemu mpya anaweza kutegua fumbo kwa simu yake na kuwa sehemu ya hadithi. Trela ya kawaida inamlia bando tu.

Kabla ya Cyberpunk kutoka, wakaguzi walipewa toleo la kompyuta pekee. Hapo ndipo pa kubana: kampuni inayotaka oda za mapema ionyeshe kwanza gemu ikichezwa kwenye mashine dhaifu kuliko zote inazoiuzia. Ikishafanya hivyo, itunge mafumbo kadiri ipendavyo.