Wakunga wetu wapewe gemu, semina pekee hazitoshi

Hapa Uingereza mwanafunzi wa uuguzi anatakiwa kumaliza saa 2,300 za mafunzo ya vitendo, na tangu 2023 Baraza la Wauguzi na Wakunga linaruhusu hadi saa 600 kati ya hizo ziwe za kuigiza: midoli inayopumua, wagonjwa wa kwenye skrini, miwani ya uhalisia pepe. Hospitali ninayofanyia kazi, Birmingham, ina chumba kizima cha shughuli hiyo. Ukivaa miwani unajikuta wodini, mgonjwa anakulalamikia kifua kinambana. Ukizubaa kumpa oksijeni, anazidiwa mbele ya macho yako. Mwishoni programu inakuonyesha kila ulichofanya na dakika uliyokifanya, halafu unaanza upya. Mara ya tatu mikono inajua yenyewe pa kwenda.

Mimi uuguzi nilisomea nyumbani Tanzania. Mdoli ulikuwa mmoja, darasa zima likiuzunguka, na aliyeugusa ni yule aliyewahi kusimama mbele. Yaliyobaki tulijifunzia leba, kwa mama halisi na mtoto halisi. Walotufundisha ni wakunga wa miaka mingi, na kuna mambo walinipa ambayo sijayapata kwenye skrini yoyote: kumsikiliza mama anavyogumia, kumwita kwa jina, kujua kabla hajasema kwamba kuna jambo. Huku mtu anaweza kukaa peke yake na miwani usoni, akamaliza zoezi, akahesabiwa kafundishwa bila kuongea na mkubwa wake hata neno moja. Hilo silikubali, na nisingependa tuliige.

Lakini huko kurudiarudia mazoezi tunakuhitaji, tena sana.

Najua nyumbani ukitaja gemu, mzazi anaona kibanda cha mtaani na watoto waliotoroka shule. Nawaelewa wazazi hao. Ila ushahidi mzuri kuhusu mazoezi ya kuigiza umetoka kwetu wenyewe. Mwaka 2010 wahudumu wa Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mdoli walifanya vizuri. Leba kwenyewe, watafiti walipofuatilia, utendaji haukubadilika. Ndipo ukaja utaratibu mwingine: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini, mdoli ukiwa karibu. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Kila nikiziona takwimu hizo nawaza semina zetu. Ukumbi wa hoteli, bango, chai na maandazi, posho, cheti, kisha kila mtu anarudi kituoni kwake na hakuna anayemuuliza tena. Sisemi posho ifutwe; mshahara wa muuguzi wa nyumbani naujua. Nasema siku moja ukumbini haiwezi kubaki mikononi mwa mtu kwa mwaka mzima. Mtoto asiyepumua anahitaji kuanza kupewa hewa ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye dakika hiyo hakuna nafasi ya kukumbuka slaidi.

Kazi hiyo ya kurudia, gemu inaiweza, tena kwa simu ambayo muuguzi anayo mfukoni. Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na watafiti walioko Kenya, wametengeneza gemu liitwalo LIFE kwa ajili hiyohiyo: unaingia hospitali ya kuigiza, una mtoto mchanga wa kuokoa, unaamua hatua kwa hatua. Ukikosea unaelekezwa, unarudia. Miwani ya gharama kubwa kama hii ya Birmingham haihitajiki.

Na anayedhani watu wetu hawatajifunza kwa skrini aulize Tanga. Kati ya 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji karibu 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani. Walisonga mbele kiasi kwamba washindani wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi, na programu zikaachiwa wazi bure kwa yeyote anayetaka kuziendeleza.

Kwa hiyo ninachoomba si kikubwa. Robo saa mwanzoni mwa zamu, simu mkononi, mkunga mkubwa akiwa pembeni kusahihisha. Baraza letu la wauguzi na wakunga huko nyumbani liihesabu robo saa hiyo kwenye pointi za kuhuisha leseni, ili anayefanya mazoezi apate haki yake sawa na aliyekwenda ukumbini. Matukio ya ndani ya gemu wayatunge wakunga waliokaa leba za wilayani, maana wao ndio wanaojua umeme ukikatika katikati ya kazi unashika nini kwanza. Na lugha iwe Kiswahili tangu mstari wa kwanza. Mkunga wa zahanati ya Kilindi, usiku, peke yake, mtoto hapumui, asilazimike kutafsiri kichwani kabla ya kushika ambu, ule mfuko wa kumpa mtoto hewa.