Anayejua Kama Mkalimani Amefuzu ni Kiziwi Mwenyewe

Tarehe 10 Desemba 2013, dunia ikifuatilia ibada ya kumuaga Nelson Mandela jijini Johannesburg, mwanamume mmoja alisimama jukwaani pembeni ya marais akichezesha mikono tangu hotuba moja hadi nyingine. Wanaosikia waliona mkalimani wa lugha ya alama. Viziwi hawakuambulia chochote, na ndio waliopaza malalamiko shughuli ikiwa bado inaendelea. Watu wengi hukikumbuka kisa kile kama kioja. Mimi hukiona kama ushahidi wa jambo zito: asiyeijua lugha ya alama hana namna ya kumpima mkalimani wake, hata awe na nia njema kiasi gani.

Na bado tunaendelea kuwapima hivyo hivyo. Mtu anahudhuria kozi ya wiki mbili, anajifunza herufi za vidole, salamu na siku za juma, anapewa cheti, kesho yake anaitwa mahakamani au hospitalini. Nani angekubali kutetewa kwa Kifaransa na mtu aliyejifunza Kifaransa kwa wiki mbili? Mwanaisimu William Stokoe alichapisha uchambuzi wake wa lugha ya alama ya Marekani mwaka 1960, na tangu hapo wanaisimu wamezidi kuonyesha kuwa hizi ni lugha kamili, zenye sarufi yake. Tena kuijua lugha ni mwanzo tu. Mkalimani husikiliza sentensi mpya huku mikono yake ikimalizia iliyopita, kazi inayochosha akili kiasi kwamba wenye taaluma hii hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30.

Kwa viziwi wasioona hali ni ngumu zaidi, na hapa ndipo mafunzo mengi huishia kwenye mada ya nusu siku. Wanafunzi huelezwa kwamba kiziwi asiyeona huweka mikono yake juu ya mikono ya mkalimani, basi, somo limekwisha. Lakini wako wenye sindromu ya Usher, ambao wengi huzaliwa viziwi au wakisikia kwa shida, kisha uoni ukapungua taratibu kuanzia pembeni, mpaka mtu akabaki akiona kama anayechungulia kwenye tundu. Huyo ukimsogelea sana mikono yako inamtoka machoni. Anataka usogee nyuma kidogo, alama ziwe ndogo na karibu na kifua, nguo iwe ya rangi moja inayoachana na rangi ya ngozi yako. Yuko pia aliyezaliwa haoni, uziwi ukamjia ukubwani. Huenda lugha ya alama haijui kabisa. Yeye huandikiwa herufi kiganjani, au hutumia alfabeti ya Lorm, iliyobuniwa na Hieronymus Lorm mwaka 1881, ambayo kila herufi ina mguso wake kwenye vidole na kiganja.

Chukua mfano wa chumba cha daktari. Daktari anauliza, "Umemeza dawa?" Katika lugha nyingi za alama, kinachofanya maneno hayo yawe swali ni nyusi zilizoinuliwa. Mikono ni ile ile. Mgonjwa anayepokea kwa kugusa hazioni nyusi, kwa hiyo mkalimani asiyefunzwa atampelekea taarifa: umemeza dawa. Mgonjwa atashangaa daktari amejuaje, au atanyamaza, na daktari ataandika kwamba hajibu. Aliyefunzwa anajua kulihamishia swali mikononi, kwa alama ya kuuliza au kwa kuishikilia alama ya mwisho akisubiri jibu. Na daktari akigeukia kompyuta au nesi akiingia, mkalimani huyo anamwarifu mgonjwa papo hapo, kwa sababu ukimya usioelezwa humwacha mtu peke yake katikati ya watu.

Ujuzi wa namna hii hautoki kwa mtu anayesikia na kuona. Mwaka 2007 mjini Seattle, Marekani, viziwi wasioona wawili, aj granda na Jelica Nuccio, waliwaongoza wenzao kuwasiliana moja kwa moja kwa mguso bila kumsubiri mkalimani. Humo mlizaliwa mbinu kama ya msikilizaji kumgongagonga msemaji pajani kuonyesha kwamba anafuatilia, ambazo leo wakalimani wanajifunza kutoka kwao. Kuna pia viziwi ambao wenyewe ni wakalimani hodari wa mguso, kwani lugha ya alama wameishi nayo tangu utotoni. Wangapi wanaitwa kufundisha?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unataja katika kifungu cha 9 wakalimani wa lugha ya alama walio na taaluma. Kwangu, taaluma hiyo ithibitishwe na wanaoitegemea. Mtahiniwa akae na kiziwi asiyeona, mada asiyoijua isomwe, kisha kiziwi yule aeleze alichopata. Akipata nusu, mtahiniwa arudi darasani, hata kama tabasamu lake ni zuri na mahudhurio yake yametimia.

Waandaaji hujitetea kwamba mkufunzi kiziwi asiyeona ni ghali, kwa kuwa anahitaji mwongozaji, wakalimani wawili na muda mrefu zaidi wa kufundisha. Ni kweli, anahitaji vyote hivyo. Gharama hizo ziandikwe mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya ukumbi na kabla ya kuchapa vyeti, na fedha zisipotosha wapunguzwe wanafunzi.