Anwani ya Printa Ihifadhiwe Kwenye Ruta

Katika kazi yangu ya kufunga mitandao ya Wi-Fi kwenye maduka, zahanati na ofisi ndogo hapa Mwanza, kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni la fundi kuipa printa au kamera anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) kwa mkono, kisha akaondoka bila kuigusa ruta. Kwa maoni yangu, kifaa kinachohitaji anwani isiyobadilika kiachwe kiombe anwani kwa njia ya DHCP, yaani utaratibu wa ruta kuvigawia vifaa anwani yenyewe, kama vifaa vingine, na anwani hiyo ihifadhiwe ndani ya ruta, ili mgawaji wa anwani katika mtandao mzima abaki mmoja tu.

Niliwahi kuitwa kwenye duka la steshenari lililo jirani na chuo, ambako printa ilikuwa ikichapisha vizuri mchana kutwa, lakini asubuhi inagoma. Mwenye duka alinipokea kwa kusema, "Fundi, nimeizima na kuiwasha mpaka nimechoka, na hawa wanafunzi wanatakiwa kukusanya kazi zao saa nne." Niliizima printa, nikachomoa waya wake wa umeme, kisha kwenye laptopu ya dukani nikaandika amri ya ping, inayouliza kama kuna kifaa kinachoitika kwenye anwani fulani, kwenda 192.168.1.50, ambayo ndiyo iliyokuwa anwani ya printa. Majibu yakaja, tena ya haraka. Waya wa printa ninao mkononi, na bado kuna kitu kinaitika kwa anwani yake! Ilikuwa ni simu ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye foleni.

Fundi aliyenitangulia alikuwa ameiandikia printa namba 50 (sehemu ya mwisho ya anwani), huku ruta ikiwa na ruhusa ya kugawa namba zote kuanzia 2 hadi 254, nayo haikuwa na habari kwamba 50 imeshachukuliwa. Zipo ruta ambazo huuliza kwanza kama anwani fulani inatumika kabla ya kuitoa, lakini printa ikiwa imezimwa tangu jana usiku, swali hilo halina wa kulijibu. Umeme ukikatika hali huzidi kuharibika, kwa sababu ruta nyingi za bei nafuu husahau orodha ya anwani zilizogawa, zikaanza kugawa upya.

Dawa yake haikuzidi dakika kumi. Niliirudisha printa kwenye mpangilio wa kupokea anwani yenyewe, nikasoma anwani yake ya MAC, yaani utambulisho wa kifaa kutoka kiwandani wenye tarakimu na herufi 12, kwenye kibandiko cha nyuma, nikaingia kwenye ruta sehemu ya kuhifadhi anwani na kuifunga MAC hiyo na 192.168.1.50. Tangu hapo ruta haiwezi kumpa mwingine namba hiyo, hata printa ikizimwa wiki nzima. Faida ya pili ni kwamba siku lango (njia ya kutokea kwenda intaneti) au seva ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP) ikibadilishwa, mabadiliko hufanywa mahali pamoja, wala hakuna kifaa kinachobaki kikielekea kwenye lango lisilokuwepo tena.

Ruta yenyewe, bila shaka, lazima iwe na anwani ya kuandikwa kwa mkono. Simu nazo zina jambo lake: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitambulisha kwenye Wi-Fi kwa MAC ya kubuni, kwa hiyo anayetaka kuihifadhia simu anwani azime kwanza mpangilio huo kwa mtandao wake mwenyewe. Kwa simu za wateja sioni sababu ya kuhangaika hivyo. Kinachotakiwa kwao ni kufupisha muda wa kukodisha anwani, yaani muda ambao ruta humwekea mtu anwani aliyopewa hata akishaondoka. Ruta yenye anwani 100 za kugawa, na muda wa saa 24, itakwama ikitembelewa na simu 100 kabla ya jioni, ingawa waliokaa dukani kwa wakati mmoja hawafiki kumi, na atakayefuata ataishia kuona maneno "Inapata anwani ya IP" yasiyokwisha. Mahali pa watu wa kuingia na kutoka mimi huweka saa moja. Nyumbani, saa 24 zinatosha kabisa.

Wapo mafundi wanaonipinga kwamba ruta ikiungua, anwani zote zilizohifadhiwa zinapotea nayo. Hoja hiyo ni ya kweli, na naiheshimu, maana umeme wetu tunaujua. Ndiyo sababu kila ninapomaliza kazi napakua nakala ya mipangilio ya ruta na kumwachia mwenye mali, na naandika kwenye karatasi jina la kila kifaa, MAC yake na anwani yake. Pale steshenari karatasi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la ruta, ina mistari mitatu: printa, kamera ya mlangoni na kompyuta ya mauzo.