Tusimwambie tu "tupa leo"

Binamu yangu wa Kadutu, Bukavu, aliolewa akiwa na mashavu ya duara yaliyomfurahisha kila mtu. Miezi minne kabla ya arusi alikuwa akimeza deksa (deksamethasoni), kinini, yaani kidonge kidogo, alichonunua kwa kuhesabiwa, bila karatasi ya muganga, ili picha zisimwonyeshe mkavu. Wiki mbili baada ya ndoa shangazi akagundua vinini hivyo, akavitupa vyote chooni. Sote tukampongeza. Mimi pia, tena kwa sauti.

Siku ya nne binamu alishindwa kuinuka. Alitapika, akijaribu kusimama anaanguka. Tukadhani mimba, tukadhani malaria. Vipimo havikuona kitu. Muganga aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anameza nini, na ameacha lini?"

Tangu siku hiyo nina ugomvi na sisi tunaopenda kutoa mashauri.

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo, gramu 4 au 5 hivi. Sehemu yake ya nje ina matabaka matatu, na yote yanaanzia kwenye kolesteroli, ile ile tunayoilaumu kila siku. Ni kama mama watatu waliogawana gunia moja la mihogo: mmoja anatwanga unga, wa pili anafunga chikwange, wa tatu anachemsha. Kinachowatofautisha ni vyombo, na vyombo vya tezi ni vimeng'enya, protini zinazogeuza kitu kimoja kuwa kingine. Tabaka la nje kabisa linatoa aldosteroni, inayoziambia figo zibakize chumvi na kutoa potasiamu. La ndani linatoa homoni dhaifu za kiume, hata kwa wanawake. (Kiini cha tezi hutoa adrenalini, lakini hiyo haitokani na kolesteroli, tuiache.)

Shida ya binamu ilikuwa tabaka la katikati, lililo nene kuliko mengine. Hilo ndilo linalotoa kotisoli, inayoshikilia sukari na presha ya damu na kutupa nguvu ya kuhimili ugonjwa. Halijiamulii. Ubongo unaituma tezi ya pituitari, iliyo chini yake, pituitari inatoa homoni iitwayo ACTH, na hiyo ndiyo inayoliamsha. Kotisoli ikitosha, inarudi kuwanyamazisha wakubwa wake huko juu.

Sasa deksa ni kotisoli ya kiwandani, yenye nguvu zaidi ya mara 20 kuliko ile ya mwili. Ubongo hauulizi imetoka tumboni au kwenye tezi. Unaona imejaa, unanyamaza. Wiki zinapita, tabaka lisiloitwa na mtu linasinyaa. La nje haliathiriki hivyo, kwa sababu lenyewe linasikiliza hasa renini, ishara inayotolewa na figo, na kiasi cha potasiamu katika damu. Kwa hiyo kazi ya chumvi inaendelea, lakini siku vinini vinapokatwa ghafla, kotisoli haipo, wala anayeitengeneza hajaamka.

Na mashavu yale? Hayakuwa ya bugali na sambaza. Kotisoli ikizidi hupeleka mafuta usoni na juu ya mgongo, huku misuli ya mapaja ikiliwa polepole.

Sisemi deksa ni sumu. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, ziliokoa maisha ya wagonjwa wa COVID waliohitaji oksijeni. Anayeiuza kama karanga ana lawama zake, na sitamtetea. Lakini yeye angalau hatujawahi kumwita mshauri. Sisi wa nyumbani, wa kanisani, wa kwenye foleni ya maji, tunasema "acha leo" na kujiona tumeokoa mtu. Aliyemeza kwa wiki nyingi apelekwe kwa muganga, apunguziwe hatua kwa hatua. Hata akimaliza, tezi inaweza kuchukua miezi kuamka. Akipata malaria kali au akihitaji upasuaji, lazima aseme kwamba aliwahi kutumia. Aibu ndiyo inayomfanya anyamaze, na aibu hiyo tunamvisha sisi.

Binamu sasa anameza haidrokotisoni, yaani kotisoli yenyewe kama dawa, na kila baada ya muda muganga anapunguza kidogo. Anayevihesabu vinini kila asubuhi, kabla ya chai, ni shangazi.